Kufundisha utabibu mtandaoni: mwongozo kwa mkufunzi wa chuo cha afya

Machi 2020, vyuo vya Tanzania vilipofungwa kwa sababu ya korona, wakufunzi wengi walichukua slaidi zao za darasani, wakazigeuza PDF na kuzituma kwenye kikundi cha WhatsApp. Vyuo vilifunguliwa Juni mwaka huohuo, lakini mtandao haukuondoka. Leo wanachuo wanatawanyika kwenye hospitali za wilaya mbalimbali kwa mafunzo ya vitendo, mkufunzi amebaki chuoni, na kinachowaunganisha ni simu. PDF bado zinatumwa. Mwanafunzi anazipakua, haziongezi chochote katika uwezo wake wa kumsaidia mgonjwa, na mtihani ukifika anakariri.

Mwongozo huu ni kwa anayefundisha stashahada ya utabibu, ile ya miaka mitatu inayomtoa tabibu atakayekaa zahanati au kituo cha afya na kuonana na wagonjwa bila daktari bingwa pembeni. Msimamo wangu ni huu: simu inaweza kumfundisha tabibu kufikiri, kuuliza na kutazama. Haiwezi kumfundisha mikono. Mkufunzi akiutambua mpaka huo mapema, kazi yake inakuwa nyepesi na wagonjwa wanakuwa salama.

Hatua ya 1: Pasua mtaala vipande viwili

Kabla ya kufungua programu yoyote, chukua mada moja na uandike kwenye karatasi: nini kinafundishika kwa simu, nini lazima kisubiri wodi. Ngazi nne alizozipanga George Miller mwaka 1990 zinasaidia sana hapa: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha unavyofanya, na kufanya kazini kwa mgonjwa halisi. Mtandao unazimudu mbili za kwanza vizuri kabisa. Ya tatu unaigusa nusu. Ya nne haumo.

Tuchukue malaria kali kwa mtoto. Kwa simu unaweza kufundisha dalili za hatari, kukokotoa dozi kwa uzito, kutafsiri kipimo cha sukari, kuandika rufaa. Kupata mshipa wa mtoto aliyenywea, kupapasa bandama, na kumtuliza mama huku mkono mwingine unashika mtoto, hayo yabaki wodini. Yaandike kabisa kwenye ratiba kwamba yatafundishwa wodini, yasije yakapotea katikati.

Kenya walilielewa hili zamani. Mwaka 2005 AMREF, shirika la afya la Afrika, pamoja na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti kwenda stashahada kwa masomo ya kompyuta. Nadharia ilisomwa kwenye kompyuta, lakini vitendo viliendelea kufanyika hospitali.

Hatua ya 2: Jua simu walizonazo na bando wanaloweza kununua

Waulize wanafunzi mambo matatu tu: una simu ya aina gani, mtandao unashika wapi na saa ngapi, na kwa wiki unaweza kuunga bando la kiasi gani. Wengine watakuambia mtandao unashika wakipanda mlimani au baada ya saa nne usiku. Majibu hayo ndiyo yatakayochagua njia ya kufundishia, usiichague wewe kwa sababu umeipenda.

Darasa la video la saa moja hula kirahisi zaidi ya MB 500. Ujumbe wa sauti wa dakika tano kwenye WhatsApp kwa kawaida haufiki hata MB 2. Tofauti hiyo kwa mwanafunzi anayejinunulia bando na chakula kwa pesa ileile ni kubwa mno. Ninachopendekeza: maandishi na sauti ziwe chakula cha kila siku, video fupi ya dakika mbili au tatu itumike pale jicho linapohitajika, darasa la mbashara liwe mara chache, la kujibu maswali, na lisizidi dakika 40, ambao ndio ukomo wa mkutano wa Zoom wa bure. Kila kinachosemwa mbashara kiwe na muhtasari wa sauti kwa ambaye hakuwa hewani. Asiyekuwa hewani asihesabiwe mtoro mpaka umemuuliza.

Hatua ya 3: Fundisha kwa kisa kinachofunguka kidogokidogo

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo ningetaka utumie muda wako mwingi. Mgonjwa haji na kichwa cha habari kinachosema "malaria kali". Anakuja na homa, na tabibu anaamua akiwa na taarifa nusu. Darasani tunafanya kinyume: tunaanza na jina la ugonjwa, kisha dalili zake. Kikundi cha WhatsApp, kwa kuwa ujumbe unaingia mmoja baada ya mwingine, kinaweza kumrudisha mwanafunzi kwenye hali halisi ya chumba cha daktari.

Kwanza panga darasa katika vikundi vya watu wanane hivi, kila kimoja na kiongozi wake. Wakati wa kisa, weka kikundi kikuu kwenye hali ya msimamizi pekee kutuma ujumbe. Vikundi vijadiliane kwao, kiongozi akutumie jibu moja inboksi, na ukishapokea yote ndipo ufungue mjadala. Ukiacha wazi tangu mwanzo, wawili wenye vidole vyepesi watajibu na wengine watasubiri kunakili.

Kisa chenyewe kiwe namna hii.

Ujumbe wa kwanza, saa moja jioni: "Mtoto wa kike, miezi 14, ameletwa na bibi yake kituo cha afya. Homa tangu juzi. Leo alfajiri amestuka mwili mzima. Dakika tatu za kwanza unafanya nini? Usiagize kipimo chochote cha malaria bado." Wape robo saa. Utashangaa ni wangapi watakaotaka kurukia mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ilhali hawajaangalia kama mtoto anapumua.

Ujumbe wa pili: "Anapumua mara 56 kwa dakika, kifua hakibonyei ndani. Mikono ina joto. Macho hayamfuati bibi. Ukiminya kitako cha kucha kwa kalamu, anavuta mkono. Anagumia tu, halii. Uzito kilo 9. Mpe alama za fahamu kwa kipimo cha Blantyre, na ueleze kila alama imetoka wapi." Kipimo hiki kilitengenezwa Malawi kwa ajili ya watoto wadogo wasioweza kuongea, kwa hiyo kinatufaa. Macho sifuri, mkono moja, sauti moja. Jumla mbili kati ya tano. Huyu mtoto yuko kwenye koma. Pia wakumbushe kwamba kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 na kuendelea ni kupumua haraka. Wengi wanabaki na namba 50, ambayo ni ya mtoto wa miezi 2 hadi 12.

Ujumbe wa tatu: "Sukari 1.9. mRDT chanya. Andika oda kama unavyoiandika kwenye faili: dawa, dozi, ujazo, njia, saa." Hapa ndipo hesabu inapofundishwa. Sukari hiyo, kwa mmol/L, iko chini mno, kwa hiyo inaanza yenyewe. Dekstrozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, ni mililita 45. Kwenye kabati kuna ya asilimia 50 tu? Changanya mililita 9 za hiyo na mililita 36 za maji ya sindano. Artesuneti, dawa ya malaria kali, kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, yaani miligramu 27. Kichupa cha miligramu 60 kikichanganywa kwa ajili ya mshipa kinatoa mililita 6, kwa hiyo ni mililita 2.7, nasi tunapandisha hadi 3. Usikubali jibu la "apewe artesuneti". Muuguzi wa zamu hawezi kuchoma sentensi hiyo.

Ujumbe wa nne ndio ninaoupenda zaidi: "Nusu saa imepita. Sukari sasa 5.4. Fahamu bado mbili. Unafikiri nini?" Kundi zuri litasema malaria ya ubongo. Kundi bora litauliza: tumeondoaje homa ya uti wa mgongo? Katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu huku kinachomuua ni bakteria kwenye ubongo. mRDT chanya haimalizi mjadala. Basi waanze seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, pamoja na artesuneti, na kuchukua maji ya uti wa mgongo kusubiri mahali penye uwezo na mtoto akiwa salama kufanyiwa.

Ujumbe wa mwisho: "Andika barua ya rufaa, mistari minane." Soma zote. Barua ya rufaa inafichua haraka nani ameelewa na nani ameunganisha maneno.

Baada ya hapo rekodi sauti ya dakika nne au tano ukieleza mawazo yaliyokosewa, bila kumtaja aliyekosea. Itume usiku huohuo. Ukichelewesha siku tatu, kisa kimeshapoa vichwani. Kisa kimoja cha namna hii kwa wiki kinatosha. Kukiandaa vizuri kutakuchukua muda mrefu kuliko kuandaa slaidi, ila utakitumia miaka.

Hatua ya 4: Historia ichukuliwe kwa Kiswahili, kwa simu ya kawaida

Tunawafundisha kwa Kiingereza, wanafanya mitihani kwa Kiingereza, kisha tunawapeleka kwa bibi ambaye hajui neno hata moja la Kiingereza. Mazoezi ya kuigiza kwa simu yanaziba pengo hili kwa gharama ndogo, maana hayahitaji hata intaneti.

Waweke wawiliwawili. Mmoja ni tabibu, mwingine ni mgonjwa au mzazi. Anayeigiza mgonjwa mtumie kadi yake binafsi. Kwa kisa cha hapo juu: "Wewe ni bibi. Mjukuu alipostuka ulijua ni degedege, ukampeleka kwanza kwa mganga, akafukizwa. Usiseme jambo hili mpaka uulizwe kwa upole. Ukifokewa, kaa kimya."

Mazungumzo mazuri yanasikika hivi:

"Shikamoo bibi. Pole na mjukuu."

"Marahaba mwanangu. Ahsante daktari."

"Bibi, hebu nieleze alivyostuka. Macho yalikuwaje?"

"Yaligeuka juu, meno akayabana. Mikono ikawa inatetemeka yote miwili."

"Baada ya hapo aliamka akakutambua?"

"Hapana. Amelala hivyohivyo mpaka sasa."

"Kabla ya kufika hapa kuna msaada wowote aliopata? Hapa hakuna atakayekugombeza, nataka tu nijue alichopewa."

Swali hilo la mwisho linaweza kuokoa maisha: linaonyesha saa zilizopotea, na kama mtoto amepewa kitu cha kunywa akiwa hana fahamu, kikaingia kwenye mapafu. Mwanafunzi anayeuliza "mbona mmechelewa?" hatalipata jibu hilo kamwe. Na swali la kama aliamka akamtambua mtu ndilo linalotenganisha degedege la homa la kawaida na jambo zito zaidi.

Warekodi zoezi hilo kwa makubaliano ya wote wawili, wakutumie. Sikiliza dakika mbili za mwanzo tu za kila jozi, zinatosha kukuonyesha mengi: amesalimia? Amemwacha mgonjwa aongee, au amemkatiza? Kisha tabibu huyohuyo atume ujumbe wa sauti wa dakika mbili akiwasilisha kisa kwa Kiingereza kama atakavyofanya kwenye raundi. Uwezo wa kuhama kutoka lugha moja hadi nyingine ni sehemu ya kazi yake.

Hatua ya 5: Picha, video na sauti, pamoja na siri ya mgonjwa

Siri kwanza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya mwaka 2019, na zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi linalohitaji ulinzi wa ziada. Lakini hata bila sheria, mgonjwa alikuja kutibiwa, hakuja kupigwa picha. Omba ridhaa kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, ukimweleza picha itatumwa wapi na nani ataiona. Kwa mtoto, aombwe mzazi au mlezi. Akikataa, huduma yake isibadilike hata kidogo. Kwenye picha ondoa sura, jina la kwenye kitanda, namba ya faili, na jina linalojificha kwenye kona ya filamu ya eksirei. Zima kipengele cha simu kinachohifadhi mahali picha ilipopigwa. Waambie wanafunzi wazime upakuaji wa moja kwa moja wa WhatsApp, kwa sababu picha ya kidonda ikiingia kwenye albamu ya simu itaonwa na mdogo wake anayecheza gemu. Mwanafunzi anayetuma picha ya mgonjwa bila kibali aondolewe kwenye kikundi siku hiyohiyo, na chuo kijulishwe.

Mara nyingi huna haja ya mgonjwa wako mwenyewe. Global Health Media Project wana video za bure za malezi na dalili za hatari za watoto wachanga, na baadhi zina sauti ya Kiswahili. Zinapakuliwa mara moja, zinagawanywa kwa Bluetooth bila bando.

Kuna mambo ambayo kioo cha simu kinadanganya. Weupe wa viganja ni mmojawapo: simu yenye mwanga wa usiku inageuza kila kiganja kuwa cha manjano, nyingine inakifanya cha waridi. Kamwe usitahini upungufu wa damu kwa picha. Umanjano wa macho upigwe picha mchana, kwenye mwanga wa dirisha, karatasi nyeupe ikiwa pembeni ili jicho la mwanafunzi lipate cha kulinganisha. Video za kupumua, kinyume chake, zinafaa mno: tuma video ya dakika nzima, kila mtu ahesabu, watume namba zao. Zitatofautiana, wengine kwa pumzi kumi na zaidi. Hapo utawaonyesha kwa nini tunahesabu dakika nzima badala ya sekunde 15 mara nne, na kwa nini mtoto awe ametulia.

Kwa sauti za moyo, spika ndogo ya simu haitoi sauti nzito. Mwanafunzi asiyevaa spika za masikioni hatasikia sauti ya tatu ya moyo, kisha atadhani kosa ni lake. Sema hilo mwanzoni kabisa.

Hatua ya 6: Mikono ianze nyumbani, kwa mipaka

Ngazi ya tatu tunaweza kuigusa. Mwanafunzi ahesabu mapigo na pumzi za watu wa nyumbani walioridhia, apime presha kama kuna mashine, ashone kitambaa au ganda la ndizi mpaka fundo likae sawa. Atengeneze spesa ya pumu, chombo cha kupitishia dawa ya kuvuta, kwa chupa ya plastiki ya nusu lita: kitako kinatobolewa kwa umbo la mdomo wa kivuta pumzi, kinazibwa kwa gundi au plasta pasivuje hewa. Watafiti wa Cape Town walishaonyesha kwamba chupa kama hiyo inamfaa mtoto mwenye pumu, na kwenye zahanati nyingi hakuna nyingine.

Video anayokutumia ionyeshe mikono yake, dakika mbili, bila kukatwa, huku akisema kila anachofanya. Mrudishie mambo mawili ya kurekebisha, yasizidi, na arudie.

Mipaka: hakuna kumchoma mtu sindano nyumbani, hakuna kutoboa ngozi, hakuna kumvua mtu nguo mbele ya kamera. Sindano za kushonea ziwekwe kwenye chupa ngumu na zirudishwe hospitali kuteketezwa.

Hatua ya 7: Pima kile ambacho hakinakiliwi

Maswali ya kuchagua a, b, c, d kwa simu yanapima kasi ya kusambaza majibu. Yatumie kwa mazoezi, yasibebe alama nzito. Badala yake mpigie kila mwanafunzi dakika saba. Mpe kisa kifupi, mwache aseme ugonjwa anaoudhani, kisha muulize: vitu gani viwili vinakufanya uamini hivyo, na kipi kimoja kinakupinga? Jibu la swali la pili huwezi kulinong'onezwa, kwa sababu linategemea alichosema kwenye la kwanza. Darasa kubwa litachukua siku kadhaa. Gawaneni wakufunzi, tumieni karatasi moja ya alama.

OSCE, yaani mtihani wa vitendo wa vituo, ibaki ana kwa ana. Ronald Harden na wenzake walipoianzisha Dundee, Uskoti, mwaka 1975, maana yake ilikuwa kumwona mwanafunzi akitenda, kituo baada ya kituo, na kila mmoja akipimwa kwa kipimo kilekile. Kamera ya simu iliyosimamishwa kwenye kikombe haiwezi kuchukua nafasi ya mtahini aliyesimama kando.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza wodini

Kabla hawajasafiri, mpe kila mwanafunzi karatasi ya yale uliyoyaweka kwenye kipande cha pili cha hatua ya kwanza, na nakala kama hiyo mtumie tabibu au daktari atakayewapokea hospitali. Aliyepo wodini hajui ulichofundisha kwa simu. Usipomwambia ataanza upya kwa mhadhara, na siku tatu za mgonjwa halisi zitakuwa zimekwenda. Mwambie waziwazi: "Hawa wameshahesabu dozi ya artesuneti mara nyingi, hawajawahi kumchoma mtoto mshipa. Wasimamie huko." Siku ya kwanza kila mwanafunzi ahesabu pumzi za watoto watano akiwa na mwenzake pembeni anayehesabu pia, na wote wawili watie saini kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za mafunzo. Jioni wakutumie namba hizo kwa ujumbe mfupi wa kawaida, na pale zinapopishana kwa zaidi ya pumzi tano, kesho yake warudi kwa mtoto huyohuyo wakiwa na msimamizi.